Hatutaki Lango, Twataka Majina

Wasomaji wetu wapenzi, ninyi mwajua jinsi watu wa Bunia siku hizi wanavyosafiri mpaka India kutafuta matibabu. Nasi tulimsindikiza mgonjwa wetu hadi Delhi, mji mkuu wa nchi ile. Siku moja madaktari walituambia tungojee majibu mpaka kesho yake, na kijana mmoja wa kwetu anayesoma huko akatuchukua jioni kwenda kuliona Lango la India, ambalo ni ukumbusho wa vita. Twaomba ruhusa tuwasimulie tuliyoyaona, kisha tuwaambie neno linalotukera tangu siku ile. Maana tumebishana na wenzetu wengi kwa sababu ya lango hilo, na ubishi wetu haujakwisha.

Lango lenyewe ni kubwa kweli. Ni tao la mawe lenye urefu wa mita 42. Limesimama peke yake katika uwanja mpana, na barabara iliyonyooka yatoka hapo mpaka ikulu. Mwenye kulichora alikuwa Mwingereza, Edwin Lutyens. Jiwe la msingi liliwekwa 1921, na lango likafunguliwa 1931, siku zile Waingereza walipokuwa bado wakitawala India. Lilijengwa kuwakumbuka askari wa jeshi la India waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza na katika vita vya mpaka wa Afghanistan. Hesabu yao inayotajwa kwa kawaida ni 84,000. Jioni watu hufika pale kwa wingi. Watoto wanakimbizana, wazazi wanapiga picha, wachuuzi wanauza chai na vitu vitamu. Mtu asiyejua angedhani kwamba limejengwa kwa ajili ya arusi.

Mwenzetu kijana alitazama juu, akanyamaza kidogo, akasema: "Baba, lini na sisi huko Bunia tutapata lango kama hili kwa ajili ya wafu wetu?" Tuliporudi nyumbani na kusimulia habari hiyo, karibu wote waliotusikia walisema kama yeye. Mmoja alikwisha kuchagua mahali pa kulijenga. Mwingine alitaja waheshimiwa wa kuombwa fedha.

Basi hapo ndipo tusipopatana. Sisi twasema waziwazi: Bunia haihitaji lango. Tena twasema kwamba kutamani lango kabla ya kufanya kazi inayopaswa kulitangulia ni namna ya kuwasahau wafu kwa heshima. Twaomba tusikilizwe mpaka mwisho, ndipo tuhukumiwe.

Ukisogea karibu na lango lile utaona kitu ambacho wapiga picha wengi hawakijali. Mawe yake yamejaa majina ya watu, zaidi ya 13,000, yamechongwa moja moja. Tulisimama kuyasoma mpaka macho yakachoka. Fulani wa kikosi fulani. Fulani wa kikosi kingine. Hatukumjua hata mmoja wao, walakini hatukuweza kusema "askari wa India" tu na kuondoka. Kila mmoja alikuwa na mama aliyempa jina lile.

Sasa angalieni mambo mengine ya uwanja ule. Nyuma ya lango kuna kibanda cha mawe chenye nguzo. Zamani chini yake ilisimama sanamu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mwaka wa 1968 ikaondolewa, na kibanda kikakaa kitupu miaka zaidi ya 50. Mwaka wa 2022 ikawekwa sanamu ya Subhas Chandra Bose, mtu aliyechukua silaha kupigana na Waingereza hao hao. Chini ya lango ulikuwapo moto wa ukumbusho uliowashwa 1972. Mwaka huo huo wa 2022 ukaunganishwa na moto wa ukumbusho mpya wa taifa, uliofunguliwa hapo karibu 2019. Hata barabara imepewa jina jipya. Kila serikali imehamisha iliyotaka kuhamisha. Majina tu ndiyo yaliyobaki mahali pake, kwa sababu hayamsifu mtawala yeyote.

Na huku kwetu Afrika ni vivyo hivyo. Dar es Salaam ilikuwapo sanamu ya Mjerumani Wissmann. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaiondoa, na mwaka wa 1927 wakasimamisha mahali pale sanamu ya askari Mwafrika. Kinshasa, sanamu ya Mfalme Leopold wa Pili iliyokuwa imeondolewa siku za Mobutu ilirudishwa barabarani mwezi wa Februari 2005. Haikukaa hata siku nzima, ikaondolewa tena. Wenye kutaka tuanze kwa sanamu na lango, je, wataka tuanze kwa kitu ambacho serikali ya kesho itakibomoa?

Lakini iko sababu nyingine iliyotuchoma zaidi. Juu ya lango zimechongwa nchi walikofia askari wale: Ufaransa, Mesopotamia, Uajemi, Gallipoli, na katikati ya hizo imeandikwa Afrika ya Mashariki. Kumbe lango lile lasema habari zetu pia!

Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kwa merikebu kutoka India, wakalishusha Tanga ili waiteke nchi ya Wajerumani. Wakapigwa vibaya na jeshi la von Lettow-Vorbeck, ambalo lilikuwa dogo kuliko lao. Hivyo vijana wa India walikufa mbali na kwao, kwa ugomvi wa Wazungu, katika ardhi ya Waafrika. Vita vikaendelea katika nchi hizi miaka minne.

Nani aliyewachukulia chakula na risasi? Reli zilikuwa chache, barabara hazikuwapo, na ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Basi mizigo yote ilipanda kichwani mwa mpagazi. Alichukua kilo 25 hivi, alilala kwenye tope, alikula unga usioiva, akafa kwa kuhara damu, kwa homa na kwa kichomi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wataalamu wa historia hukadiria kwamba wapagazi karibu 100,000 walikufa. Mitaa ya Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi imechukua majina yake kwa kikosi cha wapagazi hao. Mtaa umepata jina, wao hawakupata.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Waingereza tu. Kongo yetu ilikuwa mkono wa Wabelgiji. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Force Publique, chini ya Jemadari Tombeur, liliingia Rwanda. Tarehe 6 Mei lilikuwa Kigali, na tarehe 19 Septemba liliingia Tabora. Mwaka uliofuata likafika hata Mahenge. Hesabu inayotajwa ya wapagazi waliotumiwa na Kongo Belge katika vita ile ni kama 260,000. Walitolewa vijijini, na wengi hawakujua wanakwenda wapi. Baada ya vita Mfalme wa Wabelgiji alimpa jemadari ubaroni, akaitwa Tombeur de Tabora. Fikirini jambo hilo. Jemadari aliongezewa jina la mji, na mpagazi aliyemfikisha katika mji ule hakuachiwa hata lile alilopewa na mama yake.

Ni kweli kwamba ile sanamu ya Dar es Salaam ina maneno, kwa Kiswahili pia, yanayowataja wapagazi kuwa mikono na miguu ya jeshi. Maneno hayo yaahidi kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni maneno mazuri. Lakini zunguka sanamu ile pande zote utafute jina la mpagazi mmoja, hutaliona. Watoto watakumbuka jina gani? Mwaka wa 2021 tume iliyoundwa na shirika la Uingereza lenye kutunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu si chini ya 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Na wakubwa wa zamani walikuwa na udhuru tayari: ati Mwafrika hajafikia hatua ya kuelewa maana ya jiwe la kaburi. Shirika likaomba radhi, baada ya miaka 100.

Tumefika hapa, nasi twajua kwamba msomaji yu pamoja nasi. Ni rahisi kuwalaumu Wazungu, na tena wamestahili. Lakini sasa tugeuze macho tujitazame wenyewe.

Vita vya Ituri vilianza 1999. Makadirio yanayotajwa zaidi yasema kwamba mpaka 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa. Nani anayo majina yao? Mwezi wa Mei 2003 watu waliuawa hapa mjini mchana kweupe, na hata Parokia ya Nyakasanza haikusalimika. Septemba 2002 ilikuwa Nyankunde, ambako wagonjwa waliuawa katika vitanda vya hospitali. Februari 2003 ilikuwa Bogoro. Kisha tukapumua miaka kadhaa, na tangu mwisho wa 2017 moto ukawaka tena huko Djugu. Februari 2022 waliuawa watu kama 60 katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo. Julai 2025, usiku, huko Komanda, makumi ya waumini waliuawa ndani ya kanisa wakiwa katika mkesha wa sala. Kila mara twasikia hesabu redioni: 60, 40, 13. Siku ya tatu hesabu mpya yafunika ya zamani. Nasi twasemaje? Twasema "wafu wa vita", kama vile Waingereza walivyosema "wapagazi". Udhuru wa kusingizia ujinga wa watu hatunao sisi, maana sote twajua maana ya jiwe la kaburi.

Yupo mama mmoja katika parokia yetu. Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote, hutoa karatasi ili wafu wake watajwe katika Misa. Karatasi ina majina saba. Mwaka mmoja, kwa kuwa karatasi zilikuwa nyingi, msomaji alikusanya zote, akatangaza kwa mara moja: "Na marehemu wote wa vita." Tulimwona mama yule akiangalia mikono yake. Hakulalamika. Baada ya Misa alituambia neno moja tu: "Wangu hawakuitwa." Wazee wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Twaona kwamba mithali hiyo tumeitimiza juu ya wafu wetu.

Sasa tuwajibu wanaotupinga, maana si wabaya, tena hoja zao zastahili kujibiwa.

Wa kwanza wasema: "Mkiandika majina mtafukua makaa. Acheni watu wasahau." Twajibu: nani amesahau? Nendeni nyumbani jioni msikilize watoto wakisimuliwa. Kila ukoo unayo orodha yake kichwani, na orodha ya kichwani hukua na kugeuka bila mtu wa kuisahihisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jina lililoandikwa mbele ya wote halina nafasi ya kutiwa chumvi.

Wa pili wasema: "Haiwezekani. Wafu ni wengi mno, na miaka imepita." Twajibu: shambulio la Bogoro lilikuwa la siku moja, tarehe 24 Februari 2003. Kwa kesi yake, mahakimu wa The Hague walisoma maombi ya watu 341, moja baada ya jingine, na mwezi wa Machi 2017 wakawatambua 297 kuwa wamedhulumiwa. Wageni, waliokaa mbali namna ile, wameweza kumtazama mtu mmoja mmoja. Je, sisi tuliokula pamoja na marehemu ndio tushindwe?

Wa tatu wasema: "Hiyo ni kazi ya serikali." Labda ni kazi yake. Lakini mpagazi wa 1916 angali aingojea serikali. Tena sisi Wakatoliki hatuna haja ya kungoja ruhusa, kwa maana sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake: cha ubatizo, cha ndoa, na cha marehemu pia. Wengi waliouawa walizikwa harakaharaka, bila padri wala katekista, au hawakuzikwa. Majina yao yamo katika kitabu cha ubatizo. Katika kitabu cha marehemu hayamo. Anayevifungua vitabu hivyo viwili atadhani kwamba wangali hai.

Wa nne ndio tunaowaogopa kuliko wote. Wao wasema: "Sawa, tuandike, lakini kila kabila liandike wafu wake, lijenge na ukumbusho wake." Hapana! Orodha ya upande mmoja si ukumbusho. Ni hati ya deni, na mwenye kuishika atatafuta siku ya kulidai. Wahema wamekufa. Walendu wamekufa. Wabira, Wangiti, Waalur, Wanande na wageni waliokuja kufanya biashara wamekufa. Waandikwe katika daftari moja, kwa kufuata herufi za majina yao, wala asiandikwe kabila mtu yeyote. Mtu akiona jina la mtoto wa jirani karibu na jina la mtoto wake, pengine atanyamaza kidogo kabla ya kufungua kinywa.

Tena tumeulizwa: "Je, na kadogo aliyekufa bunduki mkononi, mtamwandika?" Ndiyo, tutamwandika. Mtoto wa miaka 12 aliyetolewa shuleni akapewa bunduki hakuchagua vita. Hata mahakama ya The Hague, mwaka wa 2012, ilimhukumu Thomas Lubanga kwa sababu ya watoto kama hao. "Na mtu mzima aliyeua?" Huyo naye ana jina, na jina si sifa. Kitabu cha marehemu si orodha ya watakatifu. Kitabu cha ubatizo pia kimewapokea wote. Nani aliua nani, hilo ni la mahakama, na mwisho ni la Mungu. Daftari letu halitauliza.

Basi twapendekeza nini? Jambo dogo, lenye gharama ya daftari na kalamu. Kila jumuiya imchague mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na mwenye ulimi uliotulia. Apite nyumba kwa nyumba, kwa Wakatoliki na kwa wasio Wakatoliki, aulize mambo manne tu: jina la marehemu, kijiji chake, umri wake, na mwaka aliokufa. Asiyejulikana mwaka, paachwe pengo. Mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina, aandikwe mtoto wa fulani. Wazee waulizwe pia habari za zamani: nani katika ukoo alichukuliwa mpagazi katika vita vya Tabora, nani alikwenda Abisinia na jeshi la Kongo 1941 asirudi. Huenda tukapata majina machache. Machache si kitu kidogo. Daftari liandikwe nakala mbili, moja ikae parokiani na nyingine iende jimboni, kwa kuwa sote twajua jinsi nyumba za mapadri zilivyochomwa moto. Na Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, majina yasomwe yote. Kama Misa itakuwa ndefu, iwe ndefu. Twavumilia hotuba za waheshimiwa saa tatu juani. Tutashindwaje kuvumilia majina ya ndugu zetu?

Kazi hiyo ikiisha, mtu akitaka kujenga lango na ajenge. Atakuwa na kitu cha kuchonga juu yake. Lakini lango lisilo na majina litakuwa kivuli cha wauza karanga, na mahali pa wakubwa kuweka maua mbele ya mapiga picha.

Yule kijana wa Delhi tulimwandikia barua baada ya kurudi. Tulimwambia kwamba hatujapata lango, ila tumenunua daftari, naye atuletee majina ya watu wake ili tuanze nayo. Alijibu baada ya majuma mawili. Ameandika manne kwa mwandiko safi, pamoja na vijiji na miaka. Mahali pa la tano ameandika: "Mdogo wake mama. Sisi watoto tulimwita Kaka tu. Jina lake la kweli silijui. Namwuliza nyanya."

Nyanya yake amezeeka sana, ndugu wasomaji. Twaomba msichelewe kuwauliza wa kwenu.